MWEZI WA KWANZA NA MWEZI WA SABA: JUHUDI ZA MTAFUTA KAZI HUISHIA WAPI?



  



Kila mwaka tunawapongeza wenzetu waliomaliza masomo, wa kidato cha nne, wa kidato cha sita, wa vyuo vya ufundi na wa vyuo vikuu. Ni jambo jema na inshaallah litaendelea. Lakini baada ya pongezi huanza darasa jingine lisilo na mwalimu, lisilo na ratiba, wala tarehe ya mtihani haijulikani. Darasa hilo ni kutafuta kazi. Mwaka huu tumeona tulizungumze, na hasa sehemu yake moja ambayo hupitwa kimya kimya majumbani: namna hamu na juhudi za mtafutaji zinavyobadilika kadiri miezi inavyopita.

Maoni yetu ni haya. Kijana aliyekuwa akihangaika mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa saba akaonekana amelala tu, mara nyingi hakugeuka kuwa mvivu. Ameishiwa. Ameishiwa na nauli, ameishiwa na habari, na ameishiwa na uso wa kujitokeza mbele za watu. Mambo matatu haya yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo imo mikononi mwa watu wa nyumbani kwake na jamii yake. Anayemwita mvivu humwongezea maradhi badala ya kumtibu.

HATUA ZA SAFARI

Mwezi wa kwanza kila mtu anaujua. Kijana ana vyeti vipya. Anakwenda stesheni kutoa vivuli, ananunua bahasha za kaki, anapiga picha ndogo za pasipoti, anamwomba mtu mwenye kompyuta amwandikie wasifu wake. Shati limepigwa pasi tangu usiku. Nyumbani mama anamwombea dua mlangoni, na baba anatoa nauli ya kwenda na kurudi bila ya kuulizwa. Siku moja anaweza kufika ofisi sita. Juhudi ni nyingi, lakini tukiitazama vizuri tutaona haina shabaha. Barua ni ile ile moja, imebadilishwa jina la mwajiri tu. Anaomba uhasibu, anaomba ukarani, anaomba ulinzi, na hakumbuki wapi ameomba nini. Kwa kuwa matumaini ni makubwa, hakuna anayeliona kosa hilo.

Mwezi wa tatu na wa nne huingia kimya. Matangazo mengi ya kazi huandika kwamba watakaojulishwa ni wale tu waliochaguliwa kwa usaili. Maana yake ni kuwa aliyekosa hapewi jibu lolote. Haambiwi kwamba alama hazikutosha, wala kwamba barua yake ilichelewa, wala kwamba nafasi ilikuwa moja na waombaji mia tano. Mwanafunzi akifeli hesabu hurudishiwa karatasi na kuona palipo na alama nyekundu. Mtafuta kazi hurudishiwa kimya, na kimya hakimfundishi kitu. Hapo ndipo anaanza kujijibu mwenyewe: "Labda mimi sifai." Juhudi zinapungua kidogo kidogo, wala haoni zinavyopungua. Barua nne kwa wiki zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja.

Mwezi wa sita au wa saba mambo hubadilika hata nyumbani. Nauli sasa lazima iombwe, na kuiomba kunahitaji maelezo. "Jana ulikwenda wapi? Walikwambiaje?" Kijana hana la kusema, basi anaona heri asiombe. Asiyeomba nauli hatoki, na asiyetoka hulala. Akilala mchana usiku hapati usingizi, anabaki na simu hadi saa nane, na Alfajiri inampita. Msikitini na barazani anapunguza kwenda, kwa sababu kila anayekutana naye ana swali moja: "Vipi, hujapata tu?" Muulizaji ana nia njema, lakini swali hilo likiulizwa mara kumi kwa siku huwa kama kipigo.

Kwa mabinti zetu hatua hii ina sura yake. Binti aliyemaliza chuo na hajapata kazi haonekani amelala, kwa sababu kazi za nyumbani hummeza. Anaamka kufagia, kupika, kulea wadogo zake na kumhudumia bibi mgonjwa. Wiki inapita hajaandika barua hata moja, na hakuna anayeona kuwa ametoka katika kutafuta. Hajakata tamaa, ila siku yake imegawiwa watu wengine yote, bila ya yeye kubakiziwa saa moja.

SI JAMBO LA KWETU PEKE YETU

Wako wanaosema kuwa haya ni matatizo ya vijana wa siku hizi, kwamba zamani watu walikuwa na moyo. Kwa hakika jambo hili ni la wanadamu wote, na limechunguzwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1933 ulichapishwa utafiti mashuhuri wa Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel kuhusu kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, nchini Austria. Kijiji hicho kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, karibu kijiji kizima kilikosa kazi. Mtu angedhani kwamba watu waliopata saa nyingi za bure wangesoma zaidi. Ikawa kinyume: vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua takriban nusu kati ya mwaka 1929 na 1931. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea pole pole na kusimama simama njiani, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaisha, walipita upesi. Watu wale walikuwa mafundi waliozoea kazi ngumu ya kiwandani, si wavivu. Walipokosa kazi, na siku zao zikakosa mpango.

Karibu na zama zetu, wachumi Alan Krueger na Andreas Mueller waliwafuatilia zaidi ya watu 6,000 waliokosa kazi katika jimbo la New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 2009. Waliwauliza kila wiki wametumia muda gani kutafuta kazi. Ikaonekana kwamba mtu yule yule, kadiri wiki zilivyopita, alitumia muda mchache zaidi kutafuta. Ilionekana pia kwamba saa za kutafuta kazi zilikuwa miongoni mwa saa za huzuni kubwa katika siku yake. Basi tusishangae mtu akikimbia jambo linalomuumiza kila anapoligusa.

Na kuhusu nauli, tazama mji wa Addis Ababa, nchini Ethiopia. Huko, wakati wa utafiti huu, matangazo mengi ya kazi yalibandikwa kwenye mbao za matangazo katikati ya mji, na vijana wengi waliishi pembezoni. Mtafiti Simon Franklin aliwagawa vijana wasio na kazi kwa bahati nasibu: baadhi walirudishiwa nauli ya kwenda mjini, wengine hawakupewa. Kila wiki walipigiwa simu na kuulizwa. Kwa jumla juhudi zilishuka kadiri muda ulivyopita, lakini waliopewa nauli waliendelea kutafuta zaidi kuliko wenzao, na katika miezi michache iliyofuata walipata zaidi kazi za kudumu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Basi ukimwona kijana amekaa nyumbani, kabla ya kuupima moyo wake, pima mfuko wake.

TUJUE UKUBWA WA MLANGO

Liko jambo jingine ambalo yatupasa tuwaeleze watoto wetu wazi wazi. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania ilikuwa na nafasi 70, na waliofika kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walizidi 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakazidi 135,000. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya: kwa kila aliyepata, zaidi ya themanini walikosa.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo. Tunasema ili kijana aliyekosa asijihukumu kuwa hafai, na ili mzazi asimhukumu mwanawe kwa jibu ambalo lilikuwa ni la hesabu kabla ya kuwa la uwezo. Aidha tunasema ili kijana asiweke moyo wake wote kwenye tangazo moja kubwa na kukaa miezi minne akilisubiri. Aombe, kwani kupata ni kwa walioomba. Kisha jioni ile ile aendelee na jingine, kana kwamba lile hakuliomba.

MASAHABA NA MITUME WALIVYOTAFUTA

Dini yetu haikutuacha bila ya mifano. Tunasoma katika Surat al-Qasas habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Alikuwa mkimbizi, hana mali, hana ndugu wala mwenyeji. Alipowaona mabinti wawili wakizuilia wanyama wao kando ya kisima, hakuuliza kuna ujira gani. Aliwanyweshea wanyama wao, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake. Dua yake ilikuja baada ya mikono yake kufanya kazi. Na aliyemwombea ajira kwa baba yake ni binti aliyemwona akifanya kazi, akamsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Ndipo akapata kazi ya miaka minane, au kumi kwa hiari yake. Mafunzo kwa mtafuta kazi yamo yote humo. Wakati huna kazi, usiache kufanya kazi. Jitolee, saidia, fundisha watoto, shika hesabu za duka la jirani. Mwajiri huamini zaidi alichokiona kuliko alichokisoma kwenye wasifu.

Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipohamia Madina aliacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Alianza na biashara ya samli na jibini. Wapo katika vijana wetu wanaodhani kuwa mwenye shahada akiuza kitu sokoni ameshindwa maisha. Sahaba yule alikuwa tajiri kabla ya kuhama, na hakuona haya kuanza chini. Waswahili nao husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Tena imepokewa katika Sunan za Abu Daud, ingawa wako wanazuoni waliozungumzia isnadi yake, habari ya mtu wa Kiansari aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume aliviuza vitu vyake viwili kwa dirhamu mbili, akamwambia moja anunulie watu wake chakula na nyingine anunue shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwamuru akakate kuni na asimwone kwa siku kumi na tano. Alirudi akiwa na dirhamu kumi. Wengi wetu tunapoitaja habari hii huwa tunamkumbusha kijana kwamba kuomba ni vibaya. Ni kweli, lakini tazama na upande wa pili. Mtume hakumfukuza wala hakumkaripia. Kwanza alihakikisha nyumba imekula, kisha akampa chombo cha kazi, tena akakitengeneza mwenyewe, kisha akampa muda maalumu wa kwenda na kurudi kutoa habari. Kwa kijana wa leo shoka ni nauli, ni bando la simu la kufungulia matangazo, ni shati safi, ni mtu wa kumsomea barua yake kabla haijatumwa. Je, sisi huwa tunatia mpini, au tunatoa karipio tu?

NASAHA KWA MTAFUTAJI

Kwanza, andika mpango. Usiseme "wiki hii nitatafuta kazi". Chukua daftari, andika: Jumatatu baada ya Alfajiri nitapitia matangazo, Jumanne nitaandika barua mbili, Jumatano nitakwenda kumwona mtu fulani, saa fulani, mahali fulani. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini huko Johannesburg, Afrika ya Kusini, vijana wasio na kazi walipoandikishwa mpango wa namna hii, walituma maombi zaidi kuliko wenzao kwa asilimia 15, ingawa muda waliotumia haukuongezeka, na walioajiriwa wakawa wengi zaidi kwa asilimia 26. Utafiti huo wa Martin Abel na wenzake ulichapishwa mwaka 2019. Nia walikuwa nayo tangu mwanzo, na kilichokosekana ni kamba ya kuifungia nia hiyo na siku na saa.

Pili, jipime kwa ulichofanya, usijipime kwa ulichopata. Kupata hakumo katika uwezo wako, kumo katika Qadar ya Mwenyezi Mungu. Kuandika barua nzuri mbili kila wiki kumo katika uwezo wako. Jioni ya Alhamisi fungua daftari uangalie: nimefanya niliyoahidi? Ukiwa umefanya, mshukuru Mola na ulale kwa amani hata kama simu haijalia.

Tatu, punguza wingi, ongeza shabaha. Barua tatu zilizoandikwa kwa kumjua mwajiri na mahitaji yake ni bora kuliko thelathini za kunakili. Weka orodha ya mahali ulipoomba, tarehe, na nafasi uliyoomba. Ukiitwa usaili usije ukaulizwa "Uliomba nafasi gani?" ukababaika. Na ukikosa baada ya usaili, uliza kwa adabu ni wapi palipopungua. Wengi hawatajibu, lakini mmoja akijibu umepata ile karatasi yenye alama nyekundu.

Nne, usijifiche. Mark Granovetter, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1974 alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu aliowauliza walipata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao, na mara nyingi si rafiki wa kila siku bali mtu wanayeonana naye mara chache. Sababu iko wazi: rafiki yako wa kila siku anajua yale yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali ana habari za mbali. Na mtu wa mbali unamwona wapi? Unamwona kwenye harusi, kwenye maziko, kwenye Maulidi, kwenye swala ya Ijumaa na kwenye darsa. Kijana anayejifungia ndani kwa haya anaufunga mlango ule ule ambao kazi ingepitia.

Tano, jihadhari katika mwezi wa saba. Mtu aliyechoka huwa rahisi kudanganyika. Matapeli wanalijua hilo. Anayekutaka fedha ya fomu, fedha ya usaili au fedha ya "kuharakisha" kabla ya mkataba, mkimbie. Kutoa rushwa ili upate kazi ni haramu, na fedha hiyo mara nyingi huenda na kazi yenyewe haionekani. Hali kadhalika safari za kwenda kufanya kazi Uarabuni. Wako waliokwenda wakafanikiwa na kujenga, na wako waliofika wakakuta kazi si ile waliyoambiwa na pasipoti zao zimeshikwa na mwajiri. Asisafiri mtu kwa maneno ya wakala peke yake. Mkataba usomwe na mtu anayeielewa lugha yake, nakala ibaki nyumbani, na vibali vipite serikalini.

NASAHA KWA WAZAZI NA WALEZI

Wazee wetu, tunajua mmesomesha kwa shida. Wako waliouza ng'ombe, waliouza kiwanja, akina mama waliokaanga maandazi usiku ili ada ilipwe. Ni haki yenu kutamani matunda. Tunawaomba mambo manne tu.

Badilisheni swali. Badala ya "Umepata?" ulizeni "Wiki hii umefanya nini, na mimi nikusaidie wapi?" Swali la kwanza lina jibu moja, nalo ni la aibu. La pili lina majibu mengi, na kijana aliyefanya jambo atalisema kwa furaha.

Tengeni nauli, hata ikiwa ndogo, ijulikane mapema. Safari mbili kwa wiki zilizo na uhakika ni bora kuliko ahadi ya kila siku isiyotekelezwa. Kijana asilazimike kuomba kila asubuhi kama mtu wa barabarani.

Mpeni binti muda wake. Asubuhi tatu kwa wiki zisiguswe. Kaka zake wana mikono, nao wanaweza kuosha vyombo.

Tena msiwalinganishe. "Mtoto wa fulani kamaliza juzi tu, keshapata." Maneno haya hayajampa mtu kazi. Riziki ina saa yake, na aliyemtangulizia yule ndiye aliyemcheleweshea huyu, kwa hekima anayoijua Yeye.

NA SISI WA MADRASA

Madrasa yetu inajua kukusanya watu. Tunakusanyika kwa Maulidi, kwa khitma na kwa mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Hatuoni sababu ya kushindwa kukusanyika kwa ajili ya wahitimu wetu. Tunapendekeza kikao kimoja kila mwezi, baada ya swala ya Ijumaa, wakae wanaotafuta kazi pamoja na waliokwisha kupata. Barua zisomwe na kurekebishwa. Usaili ufanyiwe mazoezi, mmoja awe mwajiri na mwingine mwombaji. Matangazo yabandikwe ubaoni. Na kuwe na mfuko mdogo wa nauli, kila mwenye kazi achangie kadiri ya uwezo wake.

Vikao vya namna hii vina ushahidi. Katika jimbo la Michigan, Marekani, Robert Caplan na wenzake waliandaa mafunzo ya kundi kwa watu waliopoteza kazi, na matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Pamoja na kufundishwa namna ya kutafuta, watu walitayarishwa mapema kwa ajili ya kukataliwa: ukiambiwa hapana utafanya nini kesho yake? Waliohudhuria na kupata kazi walipata zilizo bora zaidi. Na wale ambao walikuwa bado hawajapata, hamu yao ya kutafuta ilibaki juu kuliko ya wenzao. Sisi tunaliona hilo la pili kuwa kubwa zaidi. Kikao hakiwezi kuahidi kazi kwa kila mtu, kwa kuwa nafasi ni chache kuliko watu. Lakini kinaweza kuhakikisha kwamba anayeendelea kutafuta haendelei peke yake, na kwamba mwezi wa saba unamkuta bado yuko njiani.

Ndugu zetu mlio darasani, someni kwa bidii na jueni yanayokuja mbele ili yasiwashtue. Hamu itapanda na itashuka, na ikishuka msidhani imani yenu imekwisha. Mlio majumbani na mnasubiri, daftari linauzwa bei rahisi, anzeni nalo kesho. Na mliokwisha kupata, Ijumaa ijayo mtafuteni mmoja ambaye hamjamwona msikitini siku nyingi. Msimuulize kama amepata. Mwambieni aje na barua yake muisome pamoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, awape subira wanaosubiri, awape huruma wanaowalea, na atujaalie sote tuwe wenye kusaidiana katika wema. Amin.